Aliyesema Nadhani

Hapo zamani, sufuria zilipokuwa bado hazijaijua njia ya kuja kwetu, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi chini ya mlima, kando ya mto wenye mawe. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna kwa adabu, maana hadithi hii ina aibu ndani yake, na aibu haisikilizwi mdomo ukiwa na kelele.

Wanawake wa kijiji hicho walichimba udongo pamoja, katika shimo moja. Wakafinyanga kila mmoja nyumbani kwake. Kisha wakachoma pamoja, katika moto mmoja. Kuni zilikuwa za shida, mlima umeshanyolewa mpaka kisogoni, hivyo vyungu vya wote vilirundikwa uwanjani, vikafunikwa kuni na majani makavu, vikawashiwa moto mara moja. Moto ukienda vizuri, wote wanakula. Moto ukienda vibaya, wote wanalala njaa. Maana watu wa bondeni walikuwa na mahindi na hawakuwa na udongo. Chungu kilijazwa mahindi mpaka mdomoni, mfinyanzi akaondoka na mahindi, mkulima akabaki na chungu.

Sasa sikilizeni tabia ya chungu. Chungu kisichokauka vizuri kikiingia motoni hupasuka, na kikipasuka hakifi peke yake. Vigae vyake huruka na kupiga vyungu vya jirani, vya jirani hupiga vya jirani yake, mpaka rundo zima linakuwa vigae. Ndiyo maana wafinyanzi wale walikuwa na kipimo chao. Kabla ya kwenda uwanjani, mwanamke aliinua chungu akakiweka shavuni. Kikiwa na ubaridi, bado kina maji. Kisipokuwa na ubaridi, kimekauka.

Na ndiyo maana walikuwa na mila yao. Kabla moto haujawashwa, kila mwanamke alisimama mbele ya vyungu vyake, akaweka mkono juu yake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Vyangu vimekauka. Najua." Wa pili akasema: "Vyangu vimekauka. Najua." Wa tatu akasema hivyo hivyo, mpaka wa mwisho. Aliyesema na vyungu vyake vikaja kuharibu moto, alifukuzwa kwenye shimo la udongo. Na mfinyanzi bila udongo ni nani? Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini angalau huyo ana kigae!

Mnauona uzuri wa mila hii? Hata mimi nauona. Ubaya wake subirini kidogo.

Mkuu wa moto alikuwa mama mmoja aitwaye Subilaga. Mama wa haki, hana upendeleo, hata binti yake mwenyewe alimkemea mbele za watu. Na alisifiwa kwa sikio lake. Akikigonga chungu kwa kidole, kwa mlio tu alikuambia kina ufa au hakina. Subilaga akisema amesikia, watu waliacha kubishana.

Siku moja, mvua za mwisho zilipokwisha, wakakusanyika kuchoma vyungu vya soko kubwa la mavuno. Wakarundika. Wakaanza kusema.

"Vyangu vimekauka. Najua," alisema Subilaga.

"Vyangu vimekauka. Najua," alisema Lugano, mwanamke mpole wa nyumba ya kandokando.

"Vyangu vimekauka najua," alisema Bupe, bi harusi wa juzi tu, akaisema yote kwa pumzi moja.

Wakasema wengine, wakasema, ikafika zamu ya Tusekile. Tusekile alikuwa mjane, jirani wa Lugano, ukuta kwa ukuta. Vyungu vyake vilikuwa vizuri kuliko vya wengi, na kila mtu alilijua hilo, ingawa si kila mtu alilipenda. Akaweka mkono juu ya vyungu vyake. Kisha akasema: "Vyangu vimekauka. Nadhani."

Watu wakacheka. Walidhani ni mzaha.

"Tusekile mwanangu, sema vizuri," alisema Subilaga.

"Mama, nimesema vizuri. Nimeviweka shavuni, havina ubaridi. Nimeviacha juani, nimevigeuza. Lakini ndani ya udongo macho yangu hayafiki, na shavu langu linagusa ngozi ya juu tu. Miaka yote nimesema najua, na kila nikisema, moyo unaniuliza: umejuaje? Leo umenichosha. Nadhani vimekauka. Nadhani sana."

"Hapa hatuchomi vyungu vya kudhani."

"Basi niviondoe, mama?"

Upepo ulikuwa umeanza kuamka mlimani, na upepo ukishika uwanja ule moto hauwashiki tena siku hiyo. Subilaga akatazama majani yanavyopeperuka, akatazama rundo lilivyokwisha kupangwa. "Viache," alisema. "Lakini neno lako tumelisikia."

Lugano alikuwa amesimama pale pale. Na Lugano alikuwa na jambo lake moyoni. Asubuhi ile alimsaidia Tusekile kubeba vyungu, kama majirani wanavyosaidiana. Njiani alikiinua kimoja akakiweka shavuni mwake, kisha cha pili, kisha vyote, maana alikuwa na wasiwasi wa kawaida wa mwanamke ambaye vyungu vyake vitalala karibu na vya mwenzake. Havikuwa na ubaridi. Vilikuwa vikavu kuliko hata vyake yeye mwenyewe.

Moto ukawashwa. Ukalia vizuri. Watu wakaanza kuzungumza habari za mahindi.

Pa!

Mlio mmoja. Wote wakageuka. Kisha kimya kidogo, hata mtu akapata matumaini. Kisha pa! pa! pa! kama bisi kikaangoni, na vigae vikaruka juu na majivu, na wanawake wakashika vichwa. Moto ulipokufa hapakuwa na chungu kizima hata kimoja. Soko la mavuno lilikuwa limekaribia, na kijiji kizima hakikuwa na kitu cha kujazia mahindi.

Je, nani amefanya hivi? Hamjui? Wao walijua! Walijua kabla moshi haujaisha.

"Ni yule wa nadhani," alisema mmoja.

"Si alisema mwenyewe?" alisema mwingine. "Mwenye vyungu vikavu hatii shaka. Lisemwalo lipo."

"Mimi nilisema najua," alisema Bupe, tena kwa sauti kubwa. "Kila mtu alinisikia."

Subilaga akainua mkono. "Mimi nimesikia mlio wa kwanza," alisema. "Umetoka upande wa vyungu vya Tusekile. Nimeusikia kwa sikio hili." Basi, neno likaisha. Lakini kwa kuwa alikuwa mama wa haki, akamgeukia Tusekile akamwuliza: "Mwanangu, ni vyako?"

Angesema si vyangu. Wewe ungesema si vyangu, nami ningesema si vyangu, hata chungu chenyewe kingekuwa na mdomo kingesema si mimi. Tusekile akatazama vigae vile vilivyochanganyika, akasema: "Sijui, mama. Huenda."

"Huenda!" watu walipiga kelele. "Bado anadhani tu!"

Lugano akafungua mdomo. Ndiyo, aliufungua. Maneno yalifika kwenye meno. Kisha akajiambia: lakini shavu langu nalo laweza kukosea. Na hata chungu kikavu kuna siku hupasuka. Na sikio la mama Subilaga halijawahi kukosea. Mimi ni nani wa kusema nina hakika? Akaufunga mdomo, na midomo iliyofungwa siku ile haikumwacha tena kula kwa raha.

Tusekile akafukuzwa kwenye shimo la udongo. Akafunga mzigo wake, akavuka mto, akaenda kukaa kwa mjomba wake, mahali ambapo ardhi ni mchanga mtupu na udongo pekee ni wa kichuguu.

Mwaka ule kijiji kilikula mizizi na majani. Mwaka uliofuata wakachoma tena, moto ukaenda vizuri, na wakaambiana: mnaona? Tumeondoa shaka, vyungu vimepona.

Lugano akapeleka vyungu vyake sokoni. Akiwa anapita kati ya wauzaji akamwona mwanamke ameketi pembeni kabisa, ameweka mbele yake vijungu vidogo vinene vya udongo wa kichuguu. Mnunuzi mmoja alikuwa amekishika kimoja, ukingo ukamegukia mkononi mwake, naye akawaonyesha wenzake, wakacheka. Mwanamke yule hakuinua uso. Alikuwa Tusekile.

Lugano alitaka kupita. Msimhukumu upesi, hata ninyi mna watu mnaowakwepa sokoni. Lakini Tusekile alikuwa ameshamwona.

"Lugano, mwenzangu," alisema, akainuka, akapiga magoti pale vumbini mbele za watu. "Afadhali umekuja. Nimekuwa nikikutafuta. Nisamehe vyungu vyako."

"Inuka, dada, watu wanatazama."

"Siinuki mpaka niseme. Siku ile nilisema huenda. Nilikuwa mwongo. Nimekaa kule ng'ambo nikawaza: kijiji kizima kinajua, mimi peke yangu sijui, basi mjinga ni nani? Nikaanza kukumbuka. Na nimekumbuka, Lugano. Nilipoviweka shavuni vilikuwa na ubaridi. Sasa nausikia kabisa ubaridi wake, hapa. Watoto wenu walilala njaa kwa ajili yangu. Nisamehe."

Shavu la Lugano lilikuwa bado linavikumbuka vyungu vile vile, visivyo na ubaridi wowote. Alijua mwenzake anakumbuka kitu ambacho hakikuwapo. Angeweza kusema neno moja tu, na mwanamke yule angeinuka.

"Nimekusamehe," alisema Lugano.

Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema. Akatembea mpaka nyumbani na mahindi kichwani, akayatua, hakuyapika. Mume wake akamwuliza unaumwa nini, akasema siumwi. Alikuwa na aibu ambayo haikuwa na mahali pa kukaa mwilini. Alipolala ilimpanda, alipoinuka ikainuka naye.

Kulipopambazuka akaenda uwanjani. Subilaga alikuwa pale anafagia.

"Mama," alisema Lugano, "vigae vya moto ule vilitupwa wapi?"

"Pale kwenye njia ya kisimani, vifukie matope. Vya nini?"

"Tuvitazame."

"Tutazame nini, mwanangu, na mambo yanajulikana?"

"Tuvitazame tu, mama. Nakuomba."

Kila mfinyanzi alikuwa na alama yake, aliyoichora chini ya chungu kabla hakijakauka, ili kila mtu atambue chake baada ya moto. Na kila mfinyanzi, hata aliyeanza jana, anajua hivi: chungu kilichopasuka kwa maji yaliyomo ndani hubanduka magamba magamba, kama kitunguu. Chungu kikavu kilichopigwa na cha mwenzake huvunjika vipande vikubwa, vyenye kingo safi. Haihitaji mganga. Inahitaji kuinama.

Wakainama. Vigae vyenye alama ya Tusekile vilikuwa vipande vikubwa, kingo safi. Vya Subilaga, kingo safi. Vya Lugano, kingo safi. Vyenye alama ya Bupe vilikuwa magamba, vingine vimebaki unga.

Subilaga akakaa chini katika matope yale, mama mzima, mkuu wa moto. Mwaka mzima watu walivikanyaga vigae vile asubuhi na jioni wakienda kuchota maji. Hakuna aliyeinama. Ya nini kuinama, kama umeshajua?

Kijiji kikaitwa. Subilaga akaeleza, na watu wakatazama miguu yao. Kisha akaleta bonge la udongo mbichi kutoka shimoni, akaliweka katikati. Nao wote wakaelewa.

Maana mila ya kumrudisha aliyefukuzwa kwa kuonewa ilikuwa hivi. Mwenye kosa hubeba bonge la udongo mbichi juu ya kichwa kitupu, bila kata ya kutegemeza mzigo, maji ya udongo yakimtiririka usoni, akapita katikati ya kijiji, akavuka mto, akapiga magoti mlangoni kwa aliyeonewa. Akimkabidhi udongo, anamkabidhi na nafasi yake shimoni. Tangu siku hiyo mbebaji hafinyangi tena. Mbebaji ni mmoja tu, kwa sababu aibu ikibebwa na wengi huwa nyepesi, na mzigo mwepesi husahauliwa njiani. Na bonge lazima lifike likiwa bichi. Likikauka njiani halipokelewi, na aliyefukuzwa hubaki huko aliko.

Subilaga akavua kilemba chake. "Bonge hili ni langu," alisema. "Ninyi mlipiga kelele, lakini hukumu niliitoa mimi. Sikusema uongo. Hilo ndilo linaloniumiza. Hata sasa nikifumba macho nausikia mlio ule ukitoka upande wake. Lakini nyuma ya upande ule kuna jabali, na sauti hugonga jabali ikarudi. Nimezaliwa chini ya jabali hilo! Watoto wanacheza nalo, wanaliita nalo linaitika. Nililiamini sikio langu mpaka nikasahau jabali. Nipeni."

Bupe akasukuma watu akaja mbele, analia. "Hapana, mama, ni langu. Vyungu ni vyangu. Mvua zilinichelewesha, nikavikaushia uchagani, juu ya moshi wa jiko. Nje vilikuwa vyeupe kabisa, kama vilivyokauka. Siku ile nilikiinua kimoja nikipeleke shavuni, kikafika hapa kidevuni, nikakirudisha chini. Sikusahau, mama. Niliogopa kujua. Nilifikiri nisipojua nitaweza kusema najua. Na mwenzangu aliposema nadhani, nilimchukia, kwa sababu alisema neno langu."

Mama mkwe wa Bupe akamvuta mkono. "Nyamaza wewe mtoto! Na ninyi, mmejuaje? Mwaka jana mlijua ni Tusekile. Leo mnajua ni Bupe. Mwakani mtajua ni mimi! Vigae vimekaa matopeni mwaka mzima, nani anaapa matope hayakuvibandua? Na Tusekile mwenyewe je? Aliulizwa mbele yetu, akasema huenda. Mtu asiyejitetea anawatwika wenzake kazi ya kumtetea. Abebe mwenyewe!"

Wengine wakatikisa vichwa kukataa. Wengine, nasema kweli, wakatikisa kukubali.

"Mama, niache," alisema Bupe, akautoa mkono wake.

Ndipo Lugano akaja. Hakulia. Alisema polepole, kama mtu anayetoa mwiba.

"Mama Subilaga, wewe hukujua kwamba hujui. Bupe, wewe ulikimbia kujua. Mimi sikukimbia. Niliviweka vyungu vyake vyote kwenye shavu hili, asubuhi ile ile. Havikuwa na ubaridi. Kama kuna mtu aliyekaribia kujua, ni mimi. Nikajiambia: nani ana hakika? Tusekile alisema hivyo hivyo, lakini yeye neno hilo lilimtia hatarini, mimi nililifanya blanketi nikajifunika. Na sokoni alinipigia magoti. Alikuwa ameshaamini uongo wetu mpaka shavu lake limeusikia. Nami nikamsamehe! Nilimsamehe kosa ambalo hakulifanya, mbele ya watu, nikaondoka. Bonge ni langu. Msininyang'anye."

Subilaga akaweka mkono juu ya bonge. Bupe akaweka wake. Lugano akaweka wake. Mama mkwe naye anapiga kelele pembeni. Na jua lilikuwa limesimama kichwani, kali, jua la baada ya mvua, na bonge lilikuwa limeanza kupauka pembeni.

Msiniulize liliishaje. Mimi nililetewa hadithi ikiwa hapo hapo, nami nawaachieni hapo hapo. Wewe mwenye muwa, usitazame chini, na wewe utasema. Ila semeni upesi. Ng'ambo ya mto Tusekile hana habari yoyote. Ameketi mbele ya nyumba ya mjomba wake, na kila anapopita mtu wa kijiji chake njia ile, yeye huinuka na kumwomba radhi. Udongo unakauka.

Je, nani alistahili kulibeba?